mRNA imepanda, protini iko palepale: umekosea maabara au mmea ndo umekataa?

Swali nimeletewa na binti mmoja wa mwaka wa tatu, anasoma mambo ya mazao, nalifupisha kidogo: "Shikamoo Dokta. Project yangu ni mahindi kwenye maji yaliyotuama. Nimechukua miche nikaizamisha masaa sita, nikapima mRNA (ile nakala ya jeni inayosomwa ili protini itengenezwe) ya jeni ya Sh1, ile inayotoa enzaimu ya sukrosi sinthezi, kwenye mizizi, ikapanda sana ukilinganisha na kontroli. Ila nikija kupima protini yenyewe kwa antibodi naona iko vilevile, haijaongezeka. Supavaiza anasema nimechanganya sampuli. Nimerudia mara mbili jibu ni lilelile. Sisi tulifundishwa DNA inatoa mRNA, mRNA inatoa protini, sasa mRNA ikipanda si lazima na protini ipande? Nimekosea wapi?"

Marahaba mwanangu. Usirudie mara ya tatu kabla hujasoma hapa, utamaliza riajenti za watu bure. Inawezekana kabisa hujakosea kitu. Mwaka 1988 McElfresh na Chourey walitoa makala kwenye jarida la Plant Physiology, na kichwa cha hiyo makala peke yake kinakujibu: kukosa hewa kwenye mahindi kunaamsha uandishi wa mRNA ya sukrosi sinthezi ila hakuamshi utengenezaji wa protini yake. Mahindi hayohayo, enzaimu hiyohiyo. Yani ulichokiona kilishaonwa we hujazaliwa. Mpelekee supavaiza hiyo makala kwa adabu, mwambie "nimekutana na hii naomba tuiangalie pamoja", usiende nayo kifua mbele, mkubwa ni mkubwa na saini ya ripoti ni yake.

Ila sasa kupata makala inayokuunga mkono sio sawa na kuelewa, na swali lako la mwisho ndo limenifanya nikae niandike kirefu hivi, manake wanafunzi wengi mnatoka shule mmemeza ile mishale miwili, DNA mshale mRNA mshale protini, mkidhani ni bomba, ukifungua koki huku maji yanatoka kule. Sio bomba. Ule mshale wa pili una geti, na mlinzi wa geti ana mamlaka yake, jeni inaweza ikapiga kelele wee huko kwenye nyukliasi na getini wakasema leo hapiti mtu.

Tuanze na hesabu ya gharama kwasababu bila hiyo hutaelewa kwanini mmea ujisumbue kuweka geti. Kuunganisha aminoasidi moja na nyenzake seli inalipa kama ATP nne hivi (ATP ndo sarafu ya nishati ya seli), mbili zinaenda kwenye kuipakia aminoasidi kwenye tRNA yake, yani kibebeo chake, mbili zinalipwa kama GTP, sarafu nyingine ya aina hiyohiyo, raibosomu, ile mashine inayounganisha protini, ikiwa kazini. Sukrosi sinthezi ya mahindi ina aminoasidi kama 800. Zidisha, unapata kama ATP 3200 kwa molekuli moja tu ya protini, moja, na seli inahitaji maelfu na maelfu. Mzizi ukiwa na hewa glukosi moja inatoa ATP kama 30, kwahiyo protini moja inakula glukosi mia na kidogo, sio mbaya. Sasa maji yakijaa kwenye udongo oksijeni inaisha haraka, inapenya kwenye maji taratibu mno, mitokondria zinasimama, mzizi unabaki na uchachushaji tu, na uchachushaji unatoa ATP mbili kwa glukosi. Protini ileile sasa inataka glukosi 1600. Nani mwenye akili ataendelea kujenga nyumba siku mshahara umekatwa mara kumi na tano?

Kwahiyo mmea unabana, na unabana kwa kasi ya ajabu. Kazi ya zamani kabisa kwenye hili ni ya mahindi pia, ya Sachs, Freeling na Okimoto mwaka 1980. Waliweka mizizi ya mahindi bila oksijeni, wakaipa aminoasidi zenye alama ya mionzi ili waone ni protini gani zinatengenezwa muda huo. Kwanza protini za kawaida zikasimama karibu zote, af baada ya muda zikaanza kutoka protini chache, kama 20 hivi, nyingi ni enzaimu za kuvunja sukari na kuchachusha, na baada ya masaa matano hizo chache zilikuwa zimechukua zaidi ya asilimia 70 ya utengenezaji wote. Mojawapo ni ADH, alkoholi dihaidrojenezi, bila hiyo mzizi wa mahindi kwenye maji haufiki mbali.

Lakini utamu wenyewe uko hapa. Wakatoa mRNA kwenye ile mizizi iliyokosa hewa, wakaiweka kwenye mchanganyiko wa kutengenezea protini ndani ya chupa, na zile protini za kawaida ambazo mzizi ulikuwa umeacha kuzitengeneza zikatoka! Maana yake mRNA zake zilikuwepo, nzima, zinasomeka, hazijaoza, ila ndani ya mzizi hazikuruhusiwa kusomwa. Ni kama mpishi ana mchele, ana mafuta, ana nyama, na bado anakwambia leo hapa hamna pilau. Ukimchukulia vitu vyake ukaenda kupika jikoni kwa jirani pilau linaiva vizuri tu. Tatizo halikuwa kwenye vitu, lilikuwa jikoni kwake.

Sasa geti lenyewe linafanyaje kazi. Naomba nitumie daladala, mnisamehe wenzangu wa maabara mnaopenda lugha ngumu.

Chukulia mRNA ni barabara na raibosomu ni daladala. Mwanzoni mwa barabara kuna kofia, kimolekuli fulani cha guanini kilichogeuzwa kichwa chini, hicho ndo kituo cha kuanzia. Mwishoni kuna mkia mrefu wa A nyingi. Raibosomu haiendi kituoni yenyewe, inaitwa, na anayeita ni protini inaitwa eIF4E, huyu ndo mpiga debe, anakishika kile kituo. Pembeni yake kuna eIF4G, jitu refu linalomshika mpiga debe mkono mmoja na mkono mwingine linashika protini iliyokaa kwenye mkia, kwahiyo mwanzo na mwisho wa barabara vinakaribiana, daladala ikimaliza ruti inageuza hapohapo. Kipande kidogo cha raibosomu kinapanda kwa kupitia hao, kinatembea kikitafuta AUG, herufi tatu za kuanzia, kikiipata kipande kikubwa kinajiunga na safari inaanza. Barabara moja inaweza ikawa na daladala nyingi zinafuatana, huo msururu tunauita polisomu. Ukitaka kujua mRNA inafanya kazi kweli usihesabu barabara, hesabu daladala zilizo juu yake. Hilo neno lishike, tutalirudia.

Mimea ina jambo lake hapa ambalo wanyama hawana. Ina jozi mbili za wapiga debe: eIF4E na eIF4G yake, af kuna wenyewe wanaitwa eIFiso4E na eIFiso4G. Kazi zinafanana lakini sio pacha, kila jozi ina mRNA inazozipenda zaidi. Kwanini mimea ilibaki na jozi mbili watu bado wanabishana, ila hiyo tofauti imeokoa mpunga, nitakuja huko.

Geti kwa sehemu kubwa liko hapo mwanzoni, kwenye kupakia, sio katikati ya safari. Kuna sababu ya msingi, ukishaanza kutengeneza protini ukaiacha nusu umepoteza ATP zote za nyuma, bora umzuie mtu kabla hajapanda kuliko kumshusha njiani.

Kwenye mafuriko ndo hivyo, mizizi ikikosa oksijeni polisomu zinavunjika, raibosomu zinabaki peke yake peke yake. Kundi la Julia Bailey-Serres kule Riverside, California, limetumia miaka na miaka kwenye hili, walianza na mahindi wakahamia Arabidopsis, ule mmea mdogo wa maabara, na mwaka 2008 wakaonyesha kwamba mRNA nyingi sana zinabaki kwenye seli bila kupungua ila raibosomu zimezikimbia. Walioumia zaidi ni mRNA za protini za raibosomu zenyewe, ambalo ukifikiria ni busara, siku ya njaa hujengi kiwanda kipya. Ukirudisha hewa, ndani ya saa moja zile mRNA zimesharudi kazini. Hakuna kuandika upya, hakuna kusubiri. Barabara ilikuwa imefungwa tu, haikubomolewa.

Na zinafichwa wapi? Mwaka 2014 Sorenson na huyohuyo Bailey-Serres wakaonyesha kuna protini inaitwa UBP1, hewa ikiisha inazikamata mRNA zenye U nyingi kwenye kipande cha mwisho kisichosomwa, inakusanyika nazo kwenye vidonge vidogo ndani ya saitoplazimu. Hewa ikirudi vidonge vinayeyuka mRNA zinaachiwa. mRNA za kukabiliana na mafuriko zenyewe zinakwepa huo mkusanyo. Zinakwepaje? Kwa Adh1 ya mahindi, Bailey-Serres na Dawe walionyesha mwaka 1996 kwamba inahitaji vipande vyote viwili visivyosomwa, cha mbele na cha nyuma, ukikata kimoja upendeleo unapungua. Kwahiyo kibali cha kupita getini kimeandikwa kwenye mRNA yenyewe, kwenye zile sehemu ambazo mwalimu wa fomu sikisi alikwambia "hizi hazitafsiriwi" akapita nazo haraka.

Mbona sasa mzizi unajisumbua kuandika mRNA ya Sh1 halafu hauitumii? Hapa nakupa maoni yangu, sio sheria. Kuandika mRNA ni bei rahisi ukilinganisha na kutengeneza protini, maana mRNA moja ingetoa protini nyingi sana, kwahiyo kuwa na akiba ya mRNA ni kama kununua vocha ukaiweka mfukoni, maji yakipungua unakwangua palepale. Na pia protini ya zamani ipo tayari, na kuna kazi zilizoonyesha kwamba kwenye mahindi yaliyokosa hewa sukrosi sinthezi inabadilishwa alama zake za fosfeti na mahali inapokaa, bila wingi wake kubadilika sana. Kwahiyo usiandike kwenye ripoti kwamba "enzaimu haihusiki". Andika kwamba wingi wake haukuongezeka. Hayo ni mambo mawili tofauti na mtahini mwenye jicho atakubana hapo.

Sasa nitoke kwenye maji kidogo manake geti hili halijawekwa kwa ajili ya mafuriko tu.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni ile naiita kituo bubu. Kwenye Arabidopsis kama theluthi moja ya mRNA zina AUG nyingine kabla ya AUG yenyewe, inaanzisha kisomo kifupi cha mbele, wataalamu wanakiita uORF. Raibosomu inapanda kituoni vizuri, inatembea, inakuta hiki kituo bubu, inashusha abiria pale, na mara nyingi dereva anakatisha ruti, haendi tena mwisho. Protini kubwa haitoki au inatoka kidogo. Uzuri ni kwamba mmea unaweza ukageuza ukali wa hicho kituo bubu kulingana na hali. Mfano mzuri ni jeni moja ya Arabidopsis inaitwa bZIP11, kundi la Smeekens kule Utrecht Uholanzi walilianika mwaka 1998: sukrosi ikiwa nyingi kwenye seli, kijiprotini kifupi cha aminoasidi kama 40 kinachotoka kwenye kituo bubu kinaganda ndani ya raibosomu yenyewe, foleni inajaa nyuma, bZIP11 haitoki. Sukari ikipungua foleni inafunguka. Ona hapo, raibosomu yenyewe ndo inapima sukari, habari haijapita hata kwenye nyukliasi.

Vitamini C hivohivo. Enzaimu moja ya kutengeneza vitamini C, GGP, mRNA yake ina kituo bubu kinachobana vitamini ikishakuwa nyingi. Mwaka 2018 Wachina wakakata hicho kituo bubu kwenye letusi kwa CRISPR, ule mkasi wa kukatia jeni, hawakuongeza jeni hata moja, hawakugusa enzaimu, vitamini C ikapanda kwa asilimia kama 150. Na mwaka 2017 kundi la Xinnian Dong pale Duke Marekani walichukua vituo bubu vya jeni inaitwa TBF1 wakavifunga mbele ya jeni ya kinga, NPR1, wakaweka kwenye mpunga. Shida ya NPR1 ni kwamba ukiiacha inatoka muda wote mmea unajilinda mpaka unasahau kukua. Kwa kituo bubu kinga inabanwa siku za kawaida na kuachiwa vimelea vikija, mpunga ukastahimili magonjwa ya bakteria na ya ukungu bila kupunguza mavuno shambani. Mi nilivyosoma hiyo nilikaa kimya muda mrefu kidogo.

Kuna breki nyingine ya jumla inaitwa GCN2. Aminoasidi zikipungua, tRNA zinabaki tupu, GCN2 inazigundua na inaweka fosfeti kwenye eIF2, protini inayoleta aminoasidi ya kwanza, upakiaji unapungua. Wakulima wanaiwasha hii breki kila msimu bila kujua: glaifoseti, dawa ya magugu tunayopuliza kabla ya kupanda, inaziba njia ya kutengeneza aminoasidi tatu, na kwenye Arabidopsis imeonyeshwa kabisa kwamba ukipuliza GCN2 inawaka. Upande wa pili kuna TOR, huyu ndo mkanyaga mafuta, kukiwa na sukari na mwanga na homoni ya oksini TOR inasukuma raibosomu zifanye kazi. Mwanga wenyewe unaingia haraka kuliko unavyodhani: Arabidopsis iliyowekwa gizani ghafla mchana kwa saa moja polisomu zilipungua, dakika 10 za mwanga zikatosha kuzirudisha. Dakika kumi! Nenda kachukue chai urudi, mmea umeshabadilisha ratiba nzima ya kiwanda.

Nisisahau mbegu, maana hapo ndo hoja ya swali lako inaonekana wazi kuliko mahali popote. Mbegu kavu iliyoko kwenye gunia ina mRNA ndani yake zimekaa miezi, hata miaka, hakuna kinachosomwa. Mwaka 1965 Dure na Waters walizuia uandishi wa mRNA mpya kwenye mbegu za pamba zinazoota, na protini ziliendelea kutengenezwa siku za mwanzo, maana yake mRNA zilikuwa zimeshaandikwa zamani mbegu ikiwa bado kwa mama yake. Mwaka 2004 Wafaransa wakarudia na Arabidopsis, wakatumia sumu ya uyoga, amanitini, inayozuia uandishi, mbegu zikaota, ingawa mche haukuendelea kukua. Wakatumia saikloheksimaidi inayozuia raibosomu, mbegu hazikuota kabisa. Kwahiyo bibi yako akiloweka mbegu usiku ili ziote haraka, anachofanya kwa kiasi kikubwa ni kufungua geti, sio kuwasha jeni.

Na mwenye njaa kuliko wote kwenye hilo geti ni kirusi. Kirusi hana raibosomu, lazima apande za mmea, kwahiyo lazima aongee na wapiga debe. Virusi vya mimea vya jamii ya poti (potyvirus), na ndugu zao, havina kofia kwenye mRNA zao, mahali pa kofia vina kiprotini kinaitwa VPg ambacho kinamshika mpiga debe eIF4E mkono na kumwambia mi ndo abiria. Mkulima wa pilipili alikuwa anachagua aina zinazostahimili bila kujua kwanini, mwaka 2002 ikajulikana jeni yenyewe, pvr2, ni eIF4E iliyobadilika kidogo tu, VPg inakosa pa kushika. Na mmea haufi kwasababu kuna jozi ya pili ya wapiga debe, iso, inaziba pengo.

Hapa kwetu hii sio hadithi ya mbali. Michirizi ya kahawia ya muhogo ilielezwa mara ya kwanza na Storey mwaka 1936 akiwa Amani, kule milima ya Usambara, na virusi vyake ni wa ukoo huohuo wenye VPg. Muhogo una ndugu watano wa eIF4E, mwaka 2019 watafiti Marekani wakavunja wawili, nCBP-1 na nCBP-2, kwa CRISPR. Ugonjwa ukachelewa, ukawa mwepesi, mizizi ikaoza kidogo kuliko ya kawaida. Haukuisha. Nasema haukuisha makusudi kwasababu kila nikieleza hii kuna mtu anatoka akitangaza dawa imepatikana, na nadhani sababu ni ileile, kirusi kikinyimwa mpiga debe mmoja kinatafuta mwingine. Kwenye mpunga kuna kimyanga, ule ugonjwa wa majani kuwa na rangi ya njano yenye mabaka, uligunduliwa Kenya upande wa Ziwa Victoria mwaka 1966. Kuna aina ya mpunga wa Msumbiji inaitwa Gigante, kimyanga inaigonga inashindwa, na mwaka 2006 ikajulikana siri yake ni eIFiso4G, aminoasidi moja tu imebadilika, moja, na kirusi kinakosa mlango. Ingawa navyo virusi vinabadilika, kuna aina zake zimeshajifunza kupita.

Haya turudi maabara kwako. Nimesema inawezekana hujakosea, sijasema hujakosea. Bloti yako, yani kile kipimo chako cha antibodi, inaonyesha protini iliyopo, haionyeshi protini inayotengenezwa, na hayo watu wanayachanganya kila siku. Protini ikiwa inakaa siku kadhaa bila kuvunjwa, hata ukizima raibosomu zote masaa sita bendi yako, ule mstari wa protini kwenye bloti, itabaki vilevile, na hata ukiongeza utengenezaji kidogo kwenye bwawa lililojaa huoni tofauti. Vilevile inawezekana protini inatengenezwa kwa wingi na inavunjwa kwa wingi, bendi haisogei. Hilo la mwisho unaweza kulipima kwa kuweka kizuizi cha protiasomu (mashine ya seli ya kuvunja protini), MG132, uone kama bendi inapanda. Ikipanda basi geti lako halikuwa getini, lilikuwa jalalani.

Pia uliza antibodi yako inashika nini. Mahindi yana jeni zaidi ya moja ya sukrosi sinthezi, kuna Sh1 na kuna Sus1, protini zao zinafanana sana, antibodi nyingi zinashika zote. Praima zako za RT-PCR, yani za kile kipimo cha mRNA, zinasoma Sh1 peke yake, antibodi inasoma ukoo mzima, halafu unalinganisha. Na weka ADH kwenye bloti hiyohiyo kama kontroli, ikipanda ADH na sukrosi sinthezi isipande kwenye sampuli ileile, kwenye membreni ileile, basi hoja ya kuchanganya sampuli imekufa yenyewe, hamna haja ya kubishana na mtu. Hicho ndo kipimo cha kwanza ningekufanyisha, ni rahisi na kinamaliza ugomvi.

Kama chuo chenu kina sentrifuji ya kasi kubwa basi fanya polisomu: saga mizizi kwenye bafa yenye saikloheksimaidi ili raibosomu zigande zilipo, pitisha juu ya gradienti ya sukrosi (maji ya sukari yanayozidi kuwa mazito kwenda chini), zungusha, gawa vipande toka juu mpaka chini, kila kipande pima mRNA ya Sh1 na ya Adh1. Kama Adh1 iko chini kwenye polisomu nzito na Sh1 iko juu, nyepesi, haina daladala, basi umejibu swali lako mwenyewe na ripoti yako imepanda daraja. Kama sentrifuji hamna, jaribu puromaisini, inaingia kwenye protini zinazotengenezwa muda huo na kuna antibodi ya kuiona, utaona jumla ya utengenezaji imeshuka kiasi gani, ingawa haitakwambia kuhusu Sh1 peke yake.

Na jambo moja nililoliona wanafunzi wengi wanalikosea, hukuniambia ulifanyaje kwahiyo nauliza: ulipotoa miche kwenye maji uliigandisha baada ya muda gani? Kama uliitoa, ukaosha udongo, ukapiga picha, ukakata mizizi taratibu mezani, ukaenda kutafuta naitrojeni ya maji chumba cha pili, hiyo mizizi imeshapata hewa na geti limeshaanza kufunguka. Kwa mRNA huenda usione tofauti kubwa, kwa polisomu umeharibu kila kitu. Weka ndoo ya naitrojeni pembeni ya beseni la maji kabla hujazamisha miche, na mtu wa pili awe ameshashika mkasi.

Ukipata gradienti niandikie, nataka kuona hiyo Sh1 imekaa kipande cha ngapi.